Kambi Zetu Hufuata Mto

Ninafundisha katika shule ndogo ya mtaani huko Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na ikifika likizo ya Aprili au ya Agosti mimi na wenzangu huendesha kambi ya mazingira kwa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo wa kuwalipia safari ya aina yoyote. Wengi wao ni wa Mathare na Korogocho. Wengine ni wa vijiji vya Kilimambogo, mbele ya Thika kwenye barabara ya Garissa, ambako Mto Athi unaporomoka pale Fourteen Falls. Ukiwaona kwa mara ya kwanza unaweza kudhani hawana la kuzungumza. Hawa wamekulia vichochoroni kati ya mabati, wale wamekulia nyuma ya punda wa kuteka maji. Lakini mto wao ni mmoja. Mto Mathare unaingia Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, na Athi inapita Kilimambogo ikishuka Ukambani na Tsavo, inaitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka inapoingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Watu huniuliza jinsi ya kuanzisha kambi ya namna hii, hasa vijana wanaotaka kuwasaidia watoto wa kwao mashambani. Wengi huniuliza kuhusu vitabu, fulana na wageni wa kualika. Mimi huwaambia watafute kwanza kitu kimoja kinachopita mlangoni pa mtoto, wakifuate kutoka kinakotoka hadi kinakokwenda. Kwetu sisi kitu hicho ni mto. Kwa mwingine kinaweza kuwa gunia la makaa au ng'ombe anayetafuta malisho.

Miaka ya mwanzo tulikuwa tukienda Karura tu. Kutoka Mathare si mbali, unavuka Barabara ya Thika, unapita Muthaiga, umefika. Ni zaidi ya hekta elfu moja za msitu ndani ya jiji, zenye mapango, maporomoko na mbega. Bado tunawapeleka, kwa sababu mtoto anayelala na watu sita katika chumba kimoja anastahili mahali pa kukimbia bila kugonga mtu. Humo pia ndimo ninamowasimulia habari za Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. Mnamo Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda mti kwenye ardhi ya msitu huo iliyokuwa imegawiwa watu binafsi, wakavamiwa na vijana waliokodiwa, akapasuliwa kichwa. Alikwenda kuripoti katika kituo cha polisi cha Muthaiga, na taarifa yake akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Watoto wa Mathare wanakijua kituo hicho. Wengine wamewahi kumfuata kaka au baba huko. Nikimaliza, maswali hayaishi: vijana wale walilipwa na nani, walikamatwa, je, yeye hakuogopa kurudi?

Kambi ikiisha tulikuwa tukiwapa karatasi wachore walichokiona. Mwaka mmoja nilizitandaza picha hizo mezani nikakuta wengi wamechora lango. Lango la msitu, askari wake, na ua wa nyaya unaoendelea hadi pembeni ya karatasi. Mbega alikuwapo, maporomoko yalikuwapo, lakini vyote vilikuwa upande wa pili wa ua. Mto unaopita nyuma ya madarasa yetu haukuchorwa na mtoto hata mmoja. Hapo ndipo tuliposhauriana tukaamua kwamba kambi ianze na mto huo, na Karura iwe siku moja ya kupumzika.

Tukaanzia Ondiri, kinamasi kilichoko Kikuyu ambako Mto Nairobi unazaliwa. Ukitazama kwa mbali utaona uwanja wa majani mabichi. Ukikanyaga, ardhi inatikisika, maana yale majani na mizizi yake yameshikana yakawa kama mkeka ulioelea juu ya maji. Watoto waligundua kwamba mmoja akiruka, mwenzake aliyesimama hatua kadhaa mbali anapanda na kushuka. Mzee mmoja wa hapo akawafokea waache, akawaonyesha mahali ambapo ng'ombe wa jirani alizama asionekane tena. Kisha akawaeleza kuhusu mikaratusi, jinsi ilivyopandwa kandokando ya vyanzo vya maji kwa ajili ya mbao na nguzo, na jinsi inavyonyonya maji. Nami nikawaongezea kwamba mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Ndiye ambaye bustani ya pale kando ya mto, karibu na mzunguko wa Globe, imepewa jina lake.

Kwenye vijito vya huko juu tunafanya kazi ambayo watoto huipenda kuliko zote. Vifaa vyake ni kichungi cha chai na karai jeupe. Unainua jiwe ndani ya maji, unalisugua kwa vidole mbele ya kichungi, unamwaga ulichopata ndani ya karai lenye maji masafi kidogo, kisha unasubiri tope litulie. Mwanzoni huoni kitu. Halafu kijiti kinaanza kutembea. Ukiinamisha uso unaona ni mdudu mchanga, mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye mikia mitatu myembamba, na pande zote mbili za tumbo lake kuna vijani vidogo sana vinavyopepea. Hayo ni matamvua yake, ndiyo anayopumulia. Akikosa oksijeni ya kutosha ndani ya maji anakufa, kwa hiyo ukimkuta na wenzake wengi, maji hayo bado yana uhai. Watafiti wa mito katika nchi nyingi hupima maji kwa kuwaangalia wadudu wa namna hiyo, na watoto wa gredi ya nne wanaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kabisa. Wana macho makali na hawachoki kuchutama.

Kutoka hapo tunashuka na basi, tukisimama penye madaraja. Kawangware, bustani ya Michuki, Gikomba, Korogocho. Kila kituo karai lile lile, kichungi kile kile. Wale wenye mikia mitatu wanapotea mapema. Baada yao wanabaki konokono na ruba. Tukifika Korogocho, ukichota tope unapata vijiminyoo vyekundu vinavyojikunjakunja. Si minyoo hasa, ni watoto wa kijidudu kinachofanana na mbu lakini hakiumi. Wekundu wao unatokana na himoglobini, jamii ya ile iliyomo katika damu yetu, na ndiyo inayowawezesha kushika oksijeni kidogo iliyobaki. Kinyesi na taka za kuoza zikiingia mtoni, bakteria wanaozila hutumia oksijeni, na kadiri taka zinavyozidi ndivyo hewa ya wengine inavyokwisha. Sijawahi kuhitaji chati kulieleza jambo hilo. Mtoto aliyeona karai la Kikuyu asubuhi na la Korogocho alasiri ananieleza yeye.

Nieleze kidogo kuhusu usiku, kwa kuwa nimeona kambi nyingi zikipangwa kwa ajili ya mchana tu. Mvua za Aprili 2024 zilipofurika Mathare, watoto wetu wengi waliamshwa gizani, wakapandishwa juu ya mapaa, wakaona nyumba za majirani zikienda na maji. Mwezi uliofuata tingatinga zikaja kubomoa zilizosalia karibu na mto. Watoto hao ukiwapeleka Kilimambogo na kuwalaza mahali panaposikika mngurumo wa maporomoko, hawalali. Wanakaa wamefunga viatu. Kwa hiyo sisi hulala katika madarasa ya shule ya msingi iliyoko mbali na mto, tunaacha taa moja ikiwaka, na mlezi mmoja hukesha mlangoni watoto wakijua yuko. Chakula nacho ni suala zito. Siku ya kwanza utaona chapati inafungwa kwenye karatasi ya daftari na kutiwa mfukoni, ni ya mdogo wake aliyebaki nyumbani. Sisi hatumkatazi. Tumeweka utaratibu kwamba kila mtoto atarudi na pakiti ya unga na maharagwe, na tunawatangazia hivyo usiku wa kwanza kabla ya kula, na tangu tufanye hivyo wanakula kwa utulivu. Sodo za wasichana tunaziweka kwenye mfuko chooni, achukue anayehitaji bila kuomba. Mambo haya hayaandikwi kwenye maombi ya ufadhili chini ya kichwa cha mazingira, lakini mtoto mwenye njaa au hofu hawezi kumwona mdudu mwenye mikia mitatu.

Sasa Kilimambogo.

Watoto wa kule walitupokea kwa heshima ya kijijini, wakasalimia kila mkubwa kwa mkono. Wanajua majina ya miti kwa Kikamba na kwa Kikuyu. Wanajua ndege gani akilia mvua iko karibu, na majani gani hayafai kwa mbuzi mwenye mimba. Wenzao wa mjini waliwafuata nyuma kama wageni. Asubuhi ya pili tukashuka wote mtoni, na hapo mambo yakabadilika. Maji yanaanguka meupe kwa povu, na povu hilo haliyeyuki, linakusanyika kwenye mawe na kutetemeka. Kwenye matete, kila penye mkondo mdogo, pamejaa taka. Msichana mmoja wa kijijini, wa gredi ya sita hivi, akawageukia wageni wake na kuwauliza bila ukali wowote, "Hizi ni zenu?"

Mvulana mmoja wa Korogocho ndiye aliyejibu. Wikendi huwa anaokota plastiki pamoja na mama yake karibu na jaa la Dandora, lile ambalo mwaka 2001 lilitangazwa limejaa na bado linapokea taka hadi leo. Hakusema ndiyo wala hapana. Alivua viatu, akaingia kwenye matete, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukitupa mchangani. Kisha akaanza kuwafundisha. Alichukua kipande cha mtungi mgumu, akakigonga kwa ukucha karibu na sikio. "Hii inaitika. Hii ni pesa." Akachukua chupa ya maji iliyopondeka, akaikunja, "Hii nayo inanunuliwa, lakini utoe kifuniko." Pakiti ya krispi inayong'aa ndani akaikunjakunja mkononi, nayo ikajikunjua yenyewe. "Hii hainunuliwi." Vipande vya gunia la nailoni, "Hivi haviuzwi." Nepi ya mtoto iliyovimba maji akaisukuma kwa mguu. "Hii hata ukimpa mtu bure hachukui." Akaendelea hivyo mpaka mafungu mawili yakapatikana, na fungu la vitu visivyouzika lilikuwa kubwa mno, wakati lile lingine lingeweza kutoshea kwenye mfuko wa shule.

Nimesoma taarifa nyingi kuhusu uchafuzi wa Mto Nairobi na sikumbuki hata moja iliyonieleza jambo hilo waziwazi kama mtoto yule. Vitu vyenye bei huokotwa huko Dandora, Kariobangi na Korogocho na watu kama mama yake kabla havijafika mbali. Vinavyomfikia yule msichana wa Kilimambogo ni vile ambavyo hakuna anayevinunua, hakuna anayelipwa kuvizoa, na kiwanda kilichovitengeneza hakiulizwi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na kwa kweli kwenye matete yale tuliiona kwa nadra. Marufuku ilifanya kazi. Watoto waliliona hilo wenyewe wakauliza kwa nini nepi na pakiti za krispi haziwezi kushughulikiwa kwa namna fulani pia, na mimi nadhani hilo ndilo swali hasa.

Na wenyeji wao nao waliulizwa. Jioni tukipika, msichana mmoja wa Mathare aliona moshi unaotoka kwenye kilima kidogo cha udongo nyuma ya shamba, akataka kujua ni nini. Ilikuwa tanuri ya makaa ya bibi wa mmoja wa wanakijiji. Kule kwao jiko la makaa ni sehemu ya nyumba, na makaa ameyanunua kwa kopo maisha yake yote, lakini hakuwahi kuona mgunga uliokatwa ukazikwa na kuchomwa polepole. Kijana mwenye bibi yake akamwonyesha kisiki, akamwambia mti ule ulikuwa mkubwa kumshinda babu yake. "Na gunia moja mnauza pesa ngapi?" Alipotajiwa bei ya pale shambani, msichana alikaa akipiga hesabu ya vikopo. Wote wawili wakajua kuna mtu katikati anayepata zaidi ya bibi na zaidi ya mama wa Mathare. Tuliwaacha wazungumze. Mlezi akiingilia wakati kama huo na hotuba kuhusu ukataji wa miti, ameharibu.

Jambo moja ninalisisitiza kwa walezi wote wapya: mtoto asirudishwe nyumbani kumsuta mzazi wake. Nimeona kambi za watu wengine zikiwafundisha watoto wimbo wa kuwakemea wanaotupa taka, na mama anayefulia watu nguo Eastleigh ndiye anayeimbiwa. Mama huyo anajua nepi ikitupwa mtoni si vizuri. Gari la taka haliingii kwenye kichochoro chake. Kikundi cha vijana kinachozoa taka kinataka malipo kila wiki, na wiki nyingine hana. Choo cha kulipia kinafungwa usiku. Mtoto akirudi tunamwomba afanye kazi nyingine: aandike wapi katika njia yake ya kwenda shule taka hukaa, nani huzizoa, siku gani, na wapi hazizolewi kabisa. Wazazi huwasaidia kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza mtu anawauliza wanachokijua. Mzazi mmoja muuza mboga aliniambia, "Mwalimu, mimi nitakuonyesha mitaro yote mpaka Huruma," na kweli akaniacha nimechoka njiani.

Kutokana na madaftari hayo watoto walichora ramani ya mtaa kwenye karatasi kubwa. Chini yake wakaandika barua wakinukuu Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na salama kwa afya. Walitia sahihi wote, wa Mathare, wa Korogocho na wa Kilimambogo, wakiomba sehemu za kukusanyia taka ziwekwe mahali walipotia alama. Tuliipeleka kwenye ofisi inayohusika, ikapokelewa na kupigwa muhuri. Majibu hayakuja. Tukaipeleka tena muhula uliofuata pamoja na wazazi, na safari hii mtu mmoja alikuja kutembea nasi mtaani akiwa na ramani ile mkononi. Sehemu mbili zimepata makontena. Zilizobaki watoto wameziandika upya, na tarehe wameweka.

Kwa wenzangu mnaotaka kufanya kambi vijijini, iwe Makueni, Kilifi au Turkana, haya ya fedha niyaseme tu kwa ufupi. Gharama kubwa ni basi na chakula. Fulana zenye maandishi zinaweza kusubiri. Barua za idhini ya wazazi zisomwe kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, maana wengi watasaini bila kuzisoma. Chifu na mwalimu mkuu wajulishwe mapema. Walezi wachunguzwe kabla ya kukabidhiwa watoto wa watu, hata kama ni marafiki zenu. Na kambi inayofanyika mara moja, bila kurudi kwa watoto wale wale muhula unaofuata, mimi siwezi kumshauri mtu aitafutie pesa.

Mwaka huu zamu imegeuka. Watoto wa Kilimambogo wamesema wanataka kuja Nairobi, wauone mto wao ukiwa bado haujafika kwao, waende hadi Ondiri, kisha wakakutane na wenzao wazoaji wa plastiki. Wazazi wao wana hofu na jiji, nami siwalaumu. Bibi yule wa tanuri ya makaa alinishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, nitakupa mjukuu wangu, lakini mtamlaza wapi?" Nilimwambia ukweli kwamba bado tunatafuta. Kama shule au kanisa lenu liko karibu na Kariobangi au Korogocho, lina ukumbi unaofungika, vyoo vinavyofanya kazi na maji ya mfereji, na mnaweza kuturuhusu kuutumia kwa wiki moja ya Agosti, tuambieni. Magodoro, chakula na walezi tunaleta sisi.